Shajara ya mradi: tutajuaje kwamba tovuti ya maktaba imekuwa rahisi?

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo tumekabidhiwa mradi rasmi. Hati ina kurasa kumi na moja, na lengo kuu limeandikwa kwa mstari mmoja: "Tovuti iwe rahisi kutumia na imfikie kila mtu." Hakuna wa kulipinga, na hapo ndipo shida inapoanzia, maana lengo ambalo hakuna anayeweza kulipinga ni vigumu pia kusema kama limetimia.

Kikaoni nikauliza tutajuaje kwamba tumefika. Wenzangu wakatazamana. Kisha mwenzetu wa huduma kwa wasomaji akasema tutajua malalamiko yakipungua. Jibu hilo nimelitafakari njia nzima ya kurudi. Malalamiko tunayapokea kwa fomu iliyomo ndani ya tovuti ileile. Aliyeshindwa kujaza fomu ya uanachama hataweza kujaza ya malalamiko. Anafunga kivinjari, anaenda zake, na kwetu anahesabika kuwa mtu asiye na tatizo. Malalamiko yakipungua, huenda tovuti imekuwa nzuri, au huenda watu wamekata tamaa, na namba yenyewe haitakwambia ni lipi kati ya hayo.

Nimeomba wiki mbili za kupima kabla hatujagusa hata rangi moja. Nimepewa moja na nusu.

Wiki ya 1, Alhamisi

Tumeanza na kiwango cha kimataifa cha urahisi wa kutumia, ISO 9241-11, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018. Ninachokipendea ni kwamba hakikuruhusu useme "rahisi" ukaishia hapo. Kinakudai utaje ni mtumiaji gani, anataka kutimiza nini, na yuko katika mazingira gani. Ndipo upime mambo matatu: amefanikisha alichojia? Ametumia muda na juhudi kiasi gani? Ameridhika?

Tumekubaliana kazi nne ambazo msomaji huzijia: kutafuta kitabu na kujua kama kipo rafuni, kuongeza muda wa kitabu alichoazima, kuweka nafasi ya kitabu kilicho mikononi mwa mwingine, na kujisajili uanachama. Mkuu wa maktaba alitaka tuongeze "kusoma habari zetu". Nimemwomba tuliache hilo kwa sasa, na amekubali.

Washiriki ni 10. Wanne wanatumia kompyuta na kipanya. Wawili wana simu tu. Wawili hawaoni, wanatumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini: mama mmoja ambaye ni mwanachama wa miaka mingi, na kijana ambaye bado hajajisajili. Mmoja ana uoni hafifu na hukuza skrini hadi asilimia 400. Wa mwisho ni mwalimu mstaafu ambaye mikono yake inatetemeka, kipanya kimemshinda, anatumia kibodi peke yake.

Kuna mtu ameniuliza kwa nini wasiwe watano, kwa kuwa watano wanatosha. Anakumbuka hesabu ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993, ambayo baadaye ilizaa ushauri wa kupima kwa watu watano. Hesabu ile inahusu kugundua kasoro. Ukitaka kuziona kasoro nyingi haraka, watano wanakusaidia sana. Ukitaka kusema "idadi hii ya watu wanafanikiwa", watano ni wachache mno, na hata kumi ni wachache. Kwa sababu hiyo humu sitaandika asilimia za watu. Nitaandika "6 kati ya 10" ili anayesoma aone udogo wa kundi kila anapoisoma namba.

Wiki ya 2, Jumatano

Vipimo vya mwanzo vimekamilika. Kutafuta kitabu: 8 kati ya 10. Kuongeza muda: 5. Kuweka nafasi: 6. Kujisajili: 4.

Tumewapa pia dodoso la SUS, la kupima mtumiaji mwenyewe anauonaje urahisi wa tovuti, lililobuniwa na John Brooke mwaka 1986. Lina kauli kumi, tano za kusifu na tano za kulaumu, zikipishana, na kila moja inajibiwa kwa alama 1 hadi 5. Kwenye kauli za kusifu unatoa 1 katika jibu. Kwenye za kulaumu unatoa jibu katika 5. Unajumlisha, unazidisha kwa 2.5, unapata alama kati ya 0 na 100. Si asilimia, ingawa watu wengi huisoma hivyo. Wastani unaotajwa sana katika tafiti zilizokusanya madodoso mengi ni 68. Sisi tumepata 52.

Namba hizo zimenisumbua, ila kilichonikosesha usingizi ni nusu saa niliyokaa na yule mama.

Alivaa kipokea sauti sikio moja, la pili akaniachia nisikilize naye. Akabonyeza Tab, kitufe cha kibodi kinachokuhamisha kutoka kitu kimoja hadi kingine. "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Tena. "Kitufe." Vilikuwa vitufe vitatu vya juu kabisa, cha kutafuta, cha akaunti na cha menyu, vimechorwa alama nzuri na kuachwa bila jina. Akaendelea kushuka, na maandishi yakaanza kusomwa. Sikuyaelewa. Ilikuwa sentensi yetu wenyewe, niliyoihariri kwa mkono wangu, lakini vokali zilikuwa zimepinda na silabi zimekatwa pasipo mahali pake. Nikamwuliza kama mashine yake ina hitilafu.

"Hapana, mwanangu. Hapa kwenu ndivyo inavyosoma. Nimezoea kubahatisha."

Niliporudi ofisini nikafungua msimbo. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa ulikuwa na lang="en". Kiolezo tulichonunua miaka iliyopita kilikuja nacho hivyo, na hakuna aliyewahi kukitazama. Kisoma skrini kimekuwa kikiambiwa kwamba Kiswahili chetu ni Kiingereza, nacho kikakisoma kwa kanuni za Kiingereza. Mashine yenyewe ilikuwa na sauti ya Kiswahili siku zote. NVDA, kisoma skrini anachotumia, huja na eSpeak NG, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, na humo Kiswahili kimo. Kurekebisha ni herufi mbili: "en" iwe "sw". Nilikuwa nimeahidi kutogusa kitu kabla ya kupima kwisha, lakini vipimo vilikuwa vimekwisha saa sita mchana, na saa nane nikabadilisha.

WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti ziwafikie watu wenye ulemavu, una ngazi tatu: A, AA na AAA. Unataka lugha ya ukurasa itajwe, na unaliweka sharti hilo katika ngazi A, ya chini kabisa, ambayo haina mjadala. Limekuwepo kwenye ngazi hiyo tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008.

Wiki ya 2, Ijumaa

Nimeongeza tukio la mwalimu mstaafu kabla halijanitoka. Anajaza fomu ya uanachama polepole, kila herufi kwa uangalifu. Alipofika sehemu ya anwani, ukurasa ukarudi mwanzo: dakika tano zimepita, kikao, yaani muda ambao tovuti inakupa wa kujaza, kimefungwa, alichoandika chote kimefutika. Akaanza upya. Kikafungwa tena. Hakulalamika. Alisema "basi" na kuweka mikono mapajani.

Mojawapo ya njia ambazo WCAG inazikubali ni mtumiaji aonywe kabla ya muda kwisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa tendo jepesi, kwa mfano kubonyeza kitufe kimoja, na aruhusiwe kufanya hivyo angalau mara kumi. Sisi hatukuwa na onyo lolote.

Wiki ya 3, Jumanne

Malengo yameandikwa, kila moja lina namba, njia ya kupima na tarehe ya mwisho, ambayo ni wiki ya 8:

Kila kazi kati ya zile nne imalizwe na angalau watu 9 kati ya 10 bila kusaidiwa. SUS ifike 72. Kurasa za kazi hizo nne zitimize WCAG 2.2, toleo la Oktoba 2023, ngazi AA. Maudhui makubwa ya ukurasa yaonekane ndani ya sekunde 2.5 katika angalau asilimia 75 ya ziara halisi.

Hilo la mwisho limechukuliwa kwenye vipimo vya Google vya kasi ya kurasa. Nimelipenda kwa sababu halikubali wastani. Ukichukua wastani, mtu mwenye simu mpya na mtandao wa kasi anamfunika mwenye simu kuukuu. Ukisema "katika ziara 75 kati ya 100", huyo wa simu kuukuu anakaribia kuhesabiwa. Si kikamilifu, lakini anakaribia.

Mbunifu wetu na mimi tumevutana kuhusu rangi. Maandishi madogo ya tovuti ni kijivu #999999 juu ya nyeupe. Uwiano wa mwangaza kati ya maandishi hayo na nyeupe ni 2.85 kwa 1, na AA inataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Akapendekeza #767676, inayotoa 4.54, imepita kwa unywele. Nikamwomba atoke nje na simu yake, juani, asome ratiba ya maktaba kwa rangi hiyo. Alirudi akaweka #595959, ambayo inafika 7 kwa 1, kiwango cha AAA. Hatukuhitaji kubishana zaidi.

Wiki ya 4, Ijumaa

Wiki ya kazi za mikono, sina mengi. Picha ya ukurasa wa mwanzo ilikuwa na megabaiti 3. Sasa ni kilobaiti 180. Vitufe vya kalenda vilikuwa na pikseli 18 kwa 18. AA ya toleo la 2.2 inataka angalau 24 kwa 24, sisi tumeweka 44 kwa sababu nafasi ipo. Mstari unaozunguka kitu kilichochaguliwa kwa kibodi, ambao mtu fulani aliwahi kuuzima kwa kuona unaharibu sura, umerudishwa, mnene. Onyo la muda limewekwa. Kikao sasa ni dakika 30.

Wiki ya 5, Jumatatu

Zana ya ukaguzi, programu inayozikagua kurasa yenyewe, imetupa 100 kati ya 100 kwa ufikivu, yaani tovuti kumfikia kila mtu, kurasa zote nne. Ofisini watu wamepiga makofi, na mkuu ameomba picha ya matokeo aiweke kwenye ripoti.

Wiki ya 5, Jumatano

Yule mama alikuja kutujaribia ukurasa wa kuongeza muda, na kwa kuwa ni mwanachama, akatumia akaunti yake mwenyewe. Hilo ni kosa langu. Ningempa ya majaribio.

Ana vitabu sita alivyoazima, vya nukta nundu na vya sauti. Kila kimoja kina kitufe chake. Akabonyeza Tab: "Ongeza muda, kitufe." Tab: "Ongeza muda, kitufe." Mara sita. Mwenye macho anaona jina la kitabu upande wa kushoto, hana shaka. Yeye alisikia vitufe sita pacha, akalazimika kurudi nyuma mstari kwa mstari na kuhesabu.

Alipopata kitabu alichokitaka, akabonyeza Enter. Juu ya ukurasa pakatokea utepe wa kijani: "Muda umeongezwa." Kisoma skrini hakikusema kitu. Akasubiri. Akabonyeza tena. Kimya. Mara ya tatu ukatokea utepe mwekundu, nao pia kwa kimya, kwamba ameshafikia ukomo wa kuongeza muda wa kitabu hicho. Maktaba inaruhusu mara mbili tu. Zote mbili alikuwa amezitumia ndani ya dakika moja, kwa kitabu kimoja, bila kujua.

"Mwanangu, imekubali au haijakubali?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimweleza kilichotokea, nikamwomba radhi, na wa mapokezi akamrudishia nafasi moja papo hapo.

Zana haikusema uongo. Iliulizwa kama kila kitufe kina jina, na kweli kila kitufe kina jina. Haikuweza kuuliza kama majina sita yanayofanana yanamsaidia mtu kuchagua. Na utepe wa kijani haukuwepo ukurasa ulipokaguliwa, kwa kuwa unatokea baada tu ya mtu kubonyeza. Hilo la pili lina sharti lake katika WCAG tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018: ujumbe wa hali uweze kutangazwa na teknolojia saidizi bila mtumiaji kulazimika kuuendea. Tulilisoma, tukaliwekea alama ya vema, kwa sababu zana ilikuwa ya kijani.

Wiki ya 5, Alhamisi

Kikao kirefu. Nimeleta hoja mbili.

Ya kwanza ni kuhusu ile 100. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliandika mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huvunjika pale unapogeuzwa kuwa nyenzo ya kudhibiti. Kwa maneno yetu: kipimo kikigeuzwa kuwa lengo, hakipimi tena vizuri. Sisi imetuchukua siku mbili. Tumekubaliana zana ibaki kama mlinzi wa mlangoni: msimbo mpya ukishusha alama, haupiti. Alama yenyewe haitahesabika tena kuwa uthibitisho wa lengo la WCAG, na mkuu amekubali kuiondoa picha kwenye ripoti yake, jambo ninalomshukuru sana.

Ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi kwa kuwa niliiandika mimi. Lengo letu linasema "9 kati ya 10 kwa kila kazi". Tukifaulu kwa namba hiyo kwenye kazi zote nne, yule mmoja aliyebaki anaweza kuwa mtu yuleyule mara zote nne. Mwalimu mstaafu angeweza kushindwa kila kitu, na ripoti yetu ingesema tumefaulu. Namba niliyoiweka ilikuwa imemtengea mtu mmoja nafasi ya kuachwa, na kwa jinsi kundi lilivyo, tunajua angekuwa nani.

Tumebadilisha. Sasa tunahesabu ni washiriki wangapi kati ya 10 wamemaliza kazi zote nne, na anayeshindwa, sababu yake inapanda kuwa kazi ya kwanza ya wiki inayofuata, kabla ya kitu kingine chochote. Tumeongeza pia lengo la muda: anayetumia kisoma skrini asichukue zaidi ya mara mbili ya muda wa katikati wa wanaotumia kipanya, yaani ule unaoangukia katikati ukizipanga nyakati zao kwa mfuatano. Mara mbili hiyo haitoki kwenye kiwango chochote, tumeikadiria wenyewe. Kusikiliza ukurasa kunachukua muda kuliko kuutupia jicho, hilo halikwepeki, ila pawe na mpaka.

Nilipokokotoa vipimo vya wiki ya 2 kwa hesabu hii mpya, waliomaliza zote nne walikuwa 3.

Wiki ya 6, Jumanne

Kila kitufe sasa kinajitaja pamoja na jina la kitabu, na utepe unatangazwa wenyewe. Mwenzangu wa msimbo amefunika skrini yake kwa karatasi na kuongeza muda wa vitabu vitatu kwa kusikiliza tu. Ilimchukua karibu dakika tisa mara ya kwanza. Ameomba tufanye hivyo kila Jumanne, na tumeiweka kwenye ratiba.

Wiki ya 8, Ijumaa

Vipimo vya pili. Muundo wa kundi ni uleule, lakini watano ni wapya, kwa sababu walioshiriki mwanzo wameshaijua njia na wangetupamba bila kukusudia. Mama, kijana na mwalimu wamo kati ya wale wa zamani.

Kutafuta: 10. Kuongeza muda: 10. Kuweka nafasi: 9. Kujisajili: 8. SUS ni 74. Maudhui makubwa yanaonekana kwa sekunde 2.3 kwenye ile asilimia 75. Waliomaliza zote nne: 7. Mwalimu yumo, amejisajili bila kufungiwa hata mara moja.

Lengo la muda tumelikosa, kidogo. Wa kipanya wanaongeza muda wa kitabu kwa dakika 1 na sekunde 10, muda wa katikati. Mama na kijana wamechukua dakika 2 na sekunde 30 kwa wastani. Mpaka ulikuwa dakika 2 na sekunde 20. Kuna aliyesema sekunde kumi zisamehewe. Nimeziacha kama zilivyo, zimeandikwa kwa rangi ileile ya malengo mengine yaliyokosekana.

Kwenye kuweka nafasi, aliyeshindwa ni mmoja wa wenye simu, kibodi ya skrini ilimfunikia kitufe. Limeshaeleweka.

Kujisajili ni hadithi nyingine. Mama na kijana wameshindwa wote wawili, pale pale: fumbo la herufi zilizopinda, la kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Lina njia mbadala ya sauti, kwa hiyo kwenye orodha yetu lilikuwa na alama ya vema. Kijana aliibonyeza nikasikiliza naye: tarakimu za Kiingereza, zimezamishwa kwenye makelele. Alijaribu mara nne. "Dada, ninyi mnanizuia mimi, roboti hapa inapita," akasema, na sikuwa na la kumjibu.

Wiki ya 9, Jumatatu

Mwenzetu wa usalama ana hofu kwamba tukiliondoa fumbo tutajaa usajili wa uongo. Hofu yake nimeipa heshima ileile: nimemwomba ataje namba. Amesema usajili wa uongo ukizidi 20 kwa wiki na kufika mezani kwa mapokezi, turudishe. Tumeandika. Badala ya fumbo tumeweka uga, yaani nafasi ya kujaza, uliofichwa, ambao mtu hauoni wala kisoma skrini hakiutaji, ila roboti huujaza kwa mazoea, na fomu yake inatupwa. Majaribio ni wiki mbili.

Wiki ya 9, Jumatano

Siku mbili: usajili wa uongo 31, uga umekamata 29, wawili wamefika mapokezi wakafutwa.

Saa tano asubuhi kijana amejisajili akiwa kwao, peke yake, dakika 4 na sekunde 5. Namba yake ya uanachama imemfika kwa barua pepe. Nusu saa baadaye ametuandikia kuuliza orodha ya vitabu vya sauti iko wapi. Ipo, iko kwenye tovuti tangu zamani: faili la PDF, kurasa 14 zilizopigwa skana kama picha, bila herufi hata moja ambayo kisoma skrini kinaweza kuisoma. Nimemsomea kwa simu. Kazi ya tano imeingizwa kwenye ubao, na leo jioni nitaanza kuichapa upya.